Kiti cha mtoto na jaribio lisiloweza kufeli

Sisi tunaoandika programu tunaujua ujanja huu: unaandika jaribio ambalo halina namna ya kufeli, kisha unamwambia bosi kila kitu kiko sawa. Kwenye tovuti ya duka, basi. Lakini kwenye kiti cha mtoto cha gari?

Mwaka 2020 ProPublica ya Marekani ilichapisha video za majaribio ya kampuni ya Evenflo. Kiti chao cha Big Kid kiliuzwa na maandishi kwamba kimepimwa kwa ajali za kugongwa ubavuni. Kwenye video, mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto anachomoka kwenye mkanda wa bega na kulala upande. Matokeo: kimefaulu! Kwa kipimo chao wenyewe, kufeli ni mpaka mwanasesere arushwe nje ya kiti kabisa au kiti kivunjike. Serikali haikuwa na kipimo cha ubavuni, kwa hivyo kila kampuni ilijitungia chake.

Na ubavuni ndiko kugumu. Mbele kuna boneti na chuma cha kujikunja, kinachomeza nguvu kabla haijamfikia mtu. Ubavuni kuna mlango tu, na mlango wenyewe unaingia ndani ukimfuata mtoto. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, shingo bado laini. La maana ni kichwa kibaki kati ya yale mabawa ya kiti yenye sponji. Kiti cha kunyanyua tu, kisicho na mgongo, hakina cha kukizuia.

Bunge la Marekani liliagiza kipimo mwaka 2012, kiwe tayari kwa miaka miwili. Kanuni ilitoka 2022. (Nami nilidhani miradi yetu ndiyo huchelewa!) Tena inahusu viti vya watoto wasiozidi kilo 18, hivyo wakubwa kidogo wameachwa nje. Ulaya walitangulia: kanuni ya Umoja wa Mataifa R129, iliyoanza 2013, ina jaribio la ubavuni. Ile ya zamani, R44, haina.

Wewe unayenunua kiti cha mitumba, kigeuze utafute kibandiko cha rangi ya chungwa. Kikisema R44, basi kanuni hiyo haikudai kipimwe ubavuni, hata mabawa yawe makubwa namna gani. Ukiona R129, ongeza pesa kidogo ukichukue. Na kama R44 ndicho ulichonacho, kifunge vizuri ukitumie, maana kumpakata mtoto ni hatari zaidi.