Usuluhishi Usio na Hiari

KATIKA lugha yetu, msuluhishi ni mtu ambaye wagomvi wawili wamemkubali kwa hiari yao. Ndiyo maana yatupasa kulitazama kwa makini jina la Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Lausanne, Uswisi. Mwanariadha haiendei kwa hiari. Kanuni za shirikisho lake zimekwisha kumpeleka huko kabla hajavaa viatu vya mbio, akikataa, hashindani. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu yenyewe ilikiri mwaka 2018, katika shauri la Mjerumani Claudia Pechstein, kwamba usuluhishi wa namna hiyo ni wa kulazimishwa.

Ndugu msomaji, jambo hili si la wanasheria peke yao. Katika fainali ya mita 800 ya wanawake kule Rio de Janeiro mwaka 2016, Caster Semenya wa Afrika Kusini alitwaa dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, na Margaret Wambui wa Kenya shaba. Jukwaa zima lilikuwa la Afrika! Mwaka 2018 shirikisho la riadha la dunia likatunga kanuni ya kuwalazimisha baadhi ya wanawake waliozaliwa na testosteroni nyingi waipunguze, na kanuni hiyo ikahusu mbio za mita 400 hadi maili moja tu. Wote watatu ikawagusa. Semenya akashtaki Lausanne. Tarehe 1 Mei 2019 waamuzi wawili kati ya watatu wakasema kanuni ni ya ubaguzi, lakini eti ubaguzi huo ni wa lazima na wa kadiri. Siku mbili baadaye alikimbia Doha akashinda kwa dakika 1 na sekunde 54.98.

Rufaa yake ikatupwa na mahakama kuu ya Uswisi mwaka 2020, kwa kuwa sheria ya huko huruhusu hukumu za usuluhishi kuchunguzwa juu juu tu. Ilimlazimu kungoja hadi tarehe 10 Julai 2025 ndipo majaji wa Strasbourg waseme kwamba uchunguzi huo haukuwa wa kina cha kutosha, na kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa. Kuhusu ubaguzi wenyewe, wakasema hawana mamlaka.

Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Agosti, Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la klabu ya Seraing ya Ubelgiji dhidi ya FIFA, ilitamka kwamba mahakama za nchi wanachama lazima ziweze kuzichunguza hukumu za Lausanne. Ulaya imejifungulia mlango. Mlango wa Mrundi uko wapi?

Watatokea wa kusema kwamba michezo yahitaji sheria moja. Ni kweli, wala hatutaki kila nchi iwe na kanuni yake ya dawa za kuongeza nguvu. Hatubishi pia kwamba mashindano ya wanawake yalindwe. Tunachokataa ni sheria ya dunia kujengwa hukumu juu ya hukumu na watu ambao hawakutumwa na bunge lolote. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 mwanamke anayetaka kushindana katika mashindano ya ngazi ya dunia ya riadha sharti apimwe jeni. Mwalimu anayemlea binti katika UMISSETA anamwandaa kwa kanuni hiyo, apende asipende.

FIFA ina wanachama 211, na 54 kati yao ni wa Afrika, yaani zaidi ya robo. Kura tunazo, lakini twazitumia kuchagua viongozi, basi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa Arusha. Serikali za Umoja wa Afrika zitunge sheria itakayozipa mahakama zetu uwezo ule ule ambao Ulaya imejipa, na Arusha ipewe kazi ya kusikiliza rufaa za mwisho.