Zaburi 105 haisemi vile tunaambiwa



Kuna mstari mmoja umenichosha. Kila tukimuuliza mtumishi swali juu ya pesa, jibu linakuja mbio: usimguse mpakwa mafuta wa Mungu, Zaburi 105:15. Hapo watu wote kimya, hata wazee. Sasa naomba kitu kidogo tu. Fungua Biblia yako, lakini usianzie mstari wa 15. Anzia wa 12.

Wale wanaoitwa masihi pale ni akina nani? Si pasta mwenye maikrofoni. Ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanatoka taifa hili wanaingia lile. Na wanaoonywa ni wafalme, eti wasiwaonee hao wageni. Yaani kwa lugha yetu ya Nsambya na Katwe, mstari ule unalinda mkimbizi! Halafu leo unachukuliwa kumfunga mkimbizi mdomo ili atoe pesa bila kuuliza.

Watasema Daudi hakumgusa Sauli. Kweli, hakumuua. Lakini maliza 1 Samweli 24: alitoka pangoni, akamwita kwa sauti, akamwambia makosa yake na kipande cha vazi mkononi kama ushahidi. Paulo naye alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, iko Wagalatia 2. Petro mzima! Basi nabii wa hapa mtaani ni mkubwa kuliko Petro?

Tena kuna mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Huyu mama wamemhubiri mpaka amechoka. Toa cha mwisho, kama yeye alivyompa Eliya. Mama anayetembeza vitenge kwenye jua kali anachukua kodi ya nyumba, anaitoa mbegu ili kesi yake ya kwenda nje ifunguke. Lakini someni vizuri. Aliyekuwa anajificha katika nchi ya watu ni Eliya, mjane alikuwa kwao. Na unga ulibaki wapi? Ndani ya nyumba ya mjane. Walikula yeye, nabii na watu wa nyumba yake, siku nyingi. Eliya hakubeba pipa la unga kwenda nalo. Mtoto wa yule mama alipokufa, Eliya alimlilia Mungu mpaka akafufuka, hakuomba mbegu ya pili. Kwetu, mama akifukuzwa na landilodi analala kwa nani? Kwa nabii? Hata siku moja.

Na hiyo kesi yenyewe, huduma za UNHCR ni bure, na nchi inayopokea ndiyo inaamua. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Wale waliotabiriwa kwamba mwaka huo wanapanda ndege, nani aliwarudishia mbegu yao? Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo: kilichotabiriwa kisipotokea, hakikutoka kwa Mungu, na msemaji wake si wa kuogopwa.

Msione ni mambo madogo. Hapa hapa Uganda, Kanungu, viongozi wa kikundi cha Amri Kumi, Kibwetere na Mwerinde, walifundisha kwamba dunia inaisha pamoja na mwaka 1999. Waumini walikuwa wameuza mali zao na kuwapa. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki, tarehe ikasogezwa mbele. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliungua ndani ya nyumba yao ya ibada, watoto pia.

Nasikia eti sisi wa sekondari hatuwezi kupima mafundisho juu hatukusoma teolojia. Watu wa Beroya walimpima Paulo mwenyewe, kila siku, na Matendo 17:11 inawasifu. Haisemi walikuwa na diploma.

Sisemi tusitoe. Mimi natoa sadaka yangu, na makanisa yetu yamezika watu wengi ambao hawakuwa na ndugu hapa Kampala. Lakini 2 Wakorintho 8:12-13 inasema mtu atoe kulingana na alicho nacho, siyo asicho nacho, na siyo wengine wapumzike wakati yeye anaumia. Kodi ya landilodi ni kitu usicho nacho.

Jumapili hii, mtumishi akiutaja tena ule mstari wa 15, mwombe kwa heshima asome kuanzia wa 12, kwa sauti, watu wote wasikie.