Ofisi Huhama, Ujirani Hubaki

Husikika mara kwa mara miongoni mwa vijana wetu kwamba maisha yako Bujumbura, na kwamba anayebaki Gitega au Muyinga amebaki kwa kukosa nauli. Usemi huo haufai kuachwa upite bila kujibiwa.

Tukubali kwanza lililo kweli. Katika miji midogo ajira ni chache, mgonjwa mahututi huweza kulazimika kusafirishwa mbali, na kijana aliyehitimu huweza kukaa miaka bila kazi inayolingana na elimu yake. Anayeusifu mji mdogo bila kuyataja hayo humdanganya msomaji.

Lakini ipo mali isiyoandikwa katika daftari la kodi. Mjini Muyinga mwenye duka humkopesha mjane chumvi kwa kuwa anamjua yeye na watoto wake. Msiba ukitokea, majirani hufika na kuni na maji kabla ya kuitwa. Mwalimu hukutana na mzazi sokoni, wakazungumza habari za mtoto bila kuandikiana barua. Shamba li karibu, hata mtumishi wa ofisi huweza kupalilia maharage yake kabla ya kwenda kazini. Nayo barabara iendayo Kobero, mpakani na Tanzania, huleta biashara, wageni na Kiswahili, bila kuunyang'anya mji utulivu wake.

Wako watakaosema kwamba Muyinga imeshuka hadhi. Kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, mikoa 18 ya nchi ilifanywa kuwa 5, na Muyinga ikaingia katika mkoa wa Buhumuza, wenye makao makuu Cankuzo. Gitega, kwa upande wake, ilipanda: mwaka 2019 ilithibitishwa kisheria kuwa mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Je, uzuri wa mji hupimwa kwa wingi wa ofisi?

Historia ya Gitega yenyewe yajibu. Wajerumani walihamishia huko makao yao ya utawala mwaka 1912. Chini ya Wabelgiji makao yakarudi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Kwa miaka mingi ofisi kubwa zilikuwa kwingine, na Gitega haikufa. Soko liliendelea, Makumbusho ya Taifa yakaanzishwa mwaka 1955, na kilima jirani cha Gishora kikazidi kutunza ngoma za kifalme. Ofisi ziliondoka, watu walibaki wakijuana.

Kwa hiyo tuna maneno mawili. Wanaoipanga Gitega mpya hawana budi kuhakikisha kwamba bei ya viwanja haimfukuzi mwenyeji, na kwamba mama muuza ndizi anapata mahali pake sokoni. Huko Muyinga, hospitali, shule na maji visifuate kibao cha mkoa. Ofisi ya mkuu wa mkoa yaweza kuhama. Mgonjwa hawezi kuhama kila mara.

Kijana akipata dawa, umeme na kazi karibu na alikozaliwa, hatahitaji kuhubiriwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, ila sharti kwanza uwepo uwanja wa kuchezea.