Pensheni ya Bibi Hulisha Wangapi?

Hapa Durban huhitaji kalenda kujua kwamba siku za malipo ya ruzuku zimefika. Mwanzoni mwa mwezi foleni huanza alfajiri nje ya maduka makubwa na kwenye mashine za kutolea pesa. Wazee huja na viti vyao vya kukunja na mikongojo, na mara nyingi mjukuu mmoja wa kusaidia kubeba. Wachuuzi wa Warwick hutandaza bidhaa nyingi zaidi kuliko siku nyingine, na teksi za kwenda Umlazi na KwaMashu huondoka na magunia ya unga yakiwa yamebanwa katikati ya magoti ya abiria.

Wanachama wetu wapya wanaojifunza Kiswahili hucheka kila tukifika kwenye neno “gogo”. Kwa Kizulu ugogo ni bibi, mama wa mzazi wako. Kwetu gogo ni shina la mti lililoanguka. Lakini tukiangalia foleni ile, maana mbili zile hazigombani sana: nyumba nyingi za mkoa huu zinawasha jiko kwa sababu ya gogo mmoja.

Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo hilo hasa: serikali huhesabu mtu mmoja mmoja, lakini watu huishi kwa kaya. Sera za ustawi wa jamii zinapofanikiwa au kuumiza, mara nyingi chanzo kiko kwenye tofauti hiyo.

Tuanze na mafanikio. Afrika Kusini hulipa ruzuku kwa zaidi ya watu milioni 18 kila mwezi, mbali na wale wanaopata msaada mdogo ulioanzishwa mwaka 2020 wakati wa korona. Pensheni ya uzee mwaka 2025 ilizidi randi 2,300. Ruzuku ya mtoto ilianza mwaka 1998 kwa randi 100, kwa watoto chini ya miaka 7 tu. Leo inafika hadi miaka 18, na mwaka 2025 ilikuwa randi 560. Mchumi Esther Duflo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichunguza takwimu za nchi hii za mwaka 1993, pensheni ya Waafrika ilipokuwa imepandishwa. Aligundua kwamba pensheni ikipokewa na bibi, wajukuu wa kike waliokaa naye walikuwa na afya na kimo bora. Ikipokewa na babu, tofauti hiyo haikuonekana. Sheria ilisema pesa ni ya mzee. Nyumbani ikageuka maziwa ya mtoto.

Sasa tuje kwenye maumivu. Mama mmoja msusi, mwenyeji wa Bukavu, ambaye baadhi yetu tunasukwa kwake, alituletea simu yake tumsomee ujumbe. Alikuwa akipata ule msaada mdogo wa randi 370. Mwezi ule alikataliwa kwa maelezo kwamba ana chanzo kingine cha kipato. Tulimuuliza kama kuna pesa iliyoingia benki. Ilikuwepo. Jirani alikuwa amefiwa na mumewe, na mama huyu, kwa kuwa anaaminika, alichaguliwa kuwa mweka hazina wa msiba. Rambirambi zote zilipitia kwenye akaunti yake, na siku ya mazishi zilikuwa zimekwisha.

“Wanangu,” alituuliza, “pesa ya marehemu imekuwa mshahara wangu?”

Hatukuwa na jibu zuri. Kanuni ya msaada ule huweka kikomo cha randi 624 kwa mwezi. Kila mwezi akaunti ya mwombaji huangaliwa, na kilichoingia kikizidi hapo, ombi hukataliwa. Kompyuta haijui mshahara ni nini, mkopo ni nini, na mchango wa kaka ni nini. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikubaliana na walalamikaji kwamba kanuni hizi zinawatoa nje watu wanaostahili, na kwamba misaada ya ndugu haifai kuhesabiwa kama kipato. Serikali ikaomba kukata rufaa.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kubeza. Hazina ya taifa ina mwisho wake, na ukosefu wa ajira umezidi asilimia 30. Lazima pawepo namna ya kuchuja. Swali letu ni kichujio chenyewe kinakamata nini. Kichujio hiki kinamwadhibu mtu kwa kusaidiwa na wenzake, na hivyo kinawafundisha maskini kwamba ni salama zaidi kutosaidiana, au kusaidiana kwa kificho. Wenzetu wengi chuoni wanaelewa: posho ya masomo huhesabiwa kama ya mwanafunzi mmoja, lakini ikiingia, mama naye anangoja nyumbani Nongoma.

Kuna swali jingine lililo chini ya hili: nani anahesabiwa? Jiji letu lina kumbukumbu yake. Kuanzia mwaka 1873 waliletwa hapa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakapitishwa Zanzibar na kuitwa Wazanzibari. Walikaa King's Rest, kule Bluff. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliwaandika “Waasia Wengine” na katika miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth. Wakati huo pensheni nazo zilitolewa kwa rangi. Sheria ya mwaka 1928 iliwaacha nje Waafrika. Waliingizwa mwaka 1944 kwa kiasi kidogo. Viwango vilisawazishwa mwaka 1993 tu. Neno lililoandikwa kwenye karatasi liliamua utaishi wapi na utazeeka vipi.

Katiba ya sasa, kifungu cha 27, inasema “kila mtu” ana haki ya hifadhi ya jamii. Mwaka 2004, katika kesi ya Khosa, Wamsumbiji wenye ukaazi wa kudumu waliiomba Mahakama ya Katiba ieleze maana ya maneno hayo. Ikasema kila mtu si raia peke yake. Juni 2020 mahakama ikaamuru waomba hifadhi nao waruhusiwe kuomba msaada wa korona. Ndiyo maana msusi wetu alikuwa kwenye orodha hata akaweza kuondolewa.

Zanzibar yenyewe imejaribu njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 hupata Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Haulizwi ana watoto wangapi Ulaya wala nani alimtumia nini. Kiasi ni kidogo, na wa miaka 69 hapati kitu. Ila hakuna anayeogopa kupokea rambirambi.

Hatusemi Durban iige kila kitu. Tunasema sera ipimwe pale pesa inapofikia mwisho wa safari yake: kwenye sufuria, kwenye ada ya shule, kwenye msiba wa jirani.

Mjadala wa Ijumaa ijayo utakuwa juu ya hoja hii: “Msaada wa ndugu si kipato.” Upande wa kupinga bado unatafuta msemaji. Msusi wetu ameahidi kuja. Kikundi kimeshamchagua mweka hazina mwingine. Yeye ameomba kupumzishwa.

Msamiati wa mwezi kwa wanaoanza: kaya, ni watu wanaokula chungu kimoja. Rambirambi, ni mchango wa kumfariji mfiwa.