Seng'enge Zetu na Mashine Zinazozisuka

Hapana shaka kwamba seng'enge ya waya, ile iliyosukwa kwa matundu ya pembe nne, imekwisha kuwa kitu cha kawaida Unguja na Pemba. Huzunguka viwanja vya kujengea, mabanda ya kuku, mashamba ya mboga yasiingiliwe na mbuzi, na nyua za skuli na vituo vya afya. Seng'enge hiyo si lazima iagizwe kutoka nje ikiwa tayari imesukwa. Huweza kusukwa hapa hapa, katika karakana ya chumba kimoja kirefu, kwa mashine ambayo fundi mzuri wa kuchomelea aweza kuiunda mwenyewe. Twaona yafaa kulizungumza jambo hili leo kwa kuwa ndani yake mna fedha ya Serikali na mna kazi ya vijana, na vyote viwili vyaweza kupotea kwa sababu ya kitu chembamba kuliko unywele.

Mashine yenyewe haina siri. Roli ya waya huwekwa juu ya stendi inayozunguka. Waya huingizwa katika bomba ambalo ndani yake pamechongwa mtaro wa kuzunguka, mfano wa hesi za parafujo, na katikati ya bomba hukaa bapa la chuma kigumu. Bapa likizungushwa huuvuta waya na kuukunja mara mbili kwa kila mzunguko, na mtaro huusukuma mbele. Waya ulioingia ukiwa umenyooka hutoka upande wa pili umepindapinda mithili ya nyoka aliyebanwa kati ya mbao mbili. Mkono huo wa waya, kwa kuzunguka kwake, hujipenyeza katika mkono uliotangulia. Kisha hukatwa, na ncha zake hukunjwa zishikane. Upana wa bapa ndio unaoamua ukubwa wa tundu.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1844 Charles Barnard wa mji wa Norwich, Uingereza, aliunda mashine ya kusuka wavu wa waya kwa kuiga vitanda vya mfumi, maana mji ule ulisifika kwa ufumaji wa nguo. Wavu wake ulikuwa wa matundu ya pembe sita, tofauti na huu tunaouzungumza, lakini fikira ni moja: kuufanya waya utii kama uzi.

Wako watakaosema kwamba ni wepesi zaidi kuagiza seng'enge iliyokwisha sukwa. Hatukubaliani nao. Sisi ni watu wa visiwa, na kila kitu tukiletacho hulipiwa nauli ya bahari. Waya uliozungushwa katika roli hukaa mahali padogo. Waya uliokwisha sukwa hubeba hewa nyingi kuliko chuma, na hewa hiyo nayo yachukua nafasi melini. Isitoshe, ujira wa kusuka hubaki kule ilikosukwa.

Juu ya nguvu ya kuiendeshea mashine, tungependa kutoa neno moja. Umeme wetu hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waliokuwapo hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa kiza kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ni kweli kwamba Pemba iliungwa na Tanga mwaka huo wa 2010, na Unguja ikapata waya mkubwa zaidi mwaka 2013. Hata hivyo, mashine ya aina hii yaweza kuwa na mota na pia mpini wa kuzungushia kwa mkono, na mpini hauongezi gharama kubwa. Kikundi kitakachopewa mashine isiyo na mpini kimepewa nusu ya mashine.

Lakini mashine si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni waya.

Kwanza, unene. Waya wa geji 14 una unene wa milimita 2.03, na wa geji 16 milimita 1.63. Jicho la mnunuzi wa kawaida haliwezi kuutambua upungufu wa milimita 0.4, hasa roli ikiwa mpya na inang'aa. Mizani hutambua. Mita 100 za waya wa geji 14 zina uzito wa kilo mbili na nusu. Mita 100 za geji 16 hazifiki hata kilo moja na gramu 700. Basi anayeuziwa ya pili kwa jina la ya kwanza hupunjwa zaidi ya theluthi ya chuma alicholipia. Na madhali seng'enge huuzwa kwa mita, wala si kwa kilo, mlango wa udanganyifu uko wazi mchana kutwa.

Pili, zinki, na hapa ndipo penye kile kitu chembamba tulichokitaja. Chuma kitupu hakidumu karibu na bahari, kwa hiyo waya hupakwa zinki. Kwa waya wa milimita 2.7, daraja la juu la upakaji hudai gramu zisizopungua 245 za zinki kwa kila mita ya mraba ya uso wa waya, sawa na unene wa mikroni 34, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Waya wa bei rahisi huweza kuwa na gramu 70 tu, yaani mikroni 10. Katika hewa ya ufukweni yenye chumvi nyingi, zinki huliwa kwa kadiri ya mikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Waya wa kwanza huweza kusimama miaka minne mpaka minane kabla chuma hakijaanza kuliwa. Wa pili huweza kuanza kutu kabla ya mwaka wa tatu. Kwa macho, siku ya kufunguliwa uzio, zote mbili ni nyeupe na zote mbili zapendeza.

Tena ni katika kukunjwa ndipo zinki mbaya hujifichua. Pale kwenye pindo ngozi ya zinki huvutika, na kama haikushikamana na chuma hupasuka, kutu ikaanzia hapo. Fundi ana kipimo chake rahisi: auzungushe waya mara sita, mzunguko kwa mzunguko, juu ya chuma cha mviringo, kisha ausugue kwa kidole. Zinki ikibanduka, waya huo haufai. Lakini fundi naye ana wajibu wake, kwani bapa lililochakaa na bomba lisilotiwa mafuta huukwaruza hata waya mzuri. Mafundisho ya namna hii ni ya masiku machache tu, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Unguja na Pemba, ndiyo mahali pake.

Kwa upande wa Serikali, tunaomba mambo yafuatwe kwa utaratibu. Taasisi ya Viwango Zanzibar iupime waya unaposhushwa bandarini, kabla haujafika karakanani, kwani msukaji mdogo hana uwezo wa kuirudisha shehena mbovu. Wakala wa viwanda vidogo na vya kati, SMIDA, unapowasaidia vijana kupata mashine, uwasaidie pia kuagiza waya kwa pamoja. Anayenunua roli moja moja hupewa kilichobaki. Na maafisa wa ununuzi waache kuandika katika zabuni maneno "uzio wa waya" na idadi ya mita, kisha wakampa kazi mwenye bei ya chini kabisa. Kwa maandishi hayo msukaji mwaminifu hushindwa kila mara, naye hana wa kumlaumu ila karatasi.

Zabuni itaje mambo matatu: unene wa waya kwa milimita, gramu za zinki kwa mita ya mraba, na uzito wa kila roli kwa kilo. Mawili ya kwanza yatathibitishwa na Taasisi ya Viwango. La tatu laweza kuthibitishwa na mwalimu mkuu wa Micheweni au sheha wa Makunduchi siku mzigo unapopokelewa, mbele ya wanakijiji, kwa mizani ile ile inayopimia karafuu au mwani, na roli itakayopungua uzito irudi na gari lililoileta.