Nyumba ya mtungi wa gesi inahitaji kengele

Mvua hizi zimenipa somo ninalotaka tushirikiane leo. Alfajiri moja mama mmoja wa hapa Majengo, Mpanda, alinijia na watoto wake wawili. Wote watatu walikuwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Yule mdogo alikuwa ametapika mara mbili. Mama alikuwa na jibu tayari: "Daktari, hii ni malaria."

Tukapima. Hakuna malaria, wala hakuna aliyekuwa na homa. Nikamuuliza walilala vipi. Akasema mvua ilimfanya aingize jiko la mkaa chumbani, akapika, akaliacha lipashe joto. Dirisha na mlango vilikuwa vimefungwa.

Ilikuwa sumu ya kaboni monoksaidi, hewa inayotoka kwenye mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu akipumua. Tuliwapa oksijeni, wakapona. Wapo wanaolala hivyo wasiamke. Mzazi, nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja, na wanaotoka nje wakapata nafuu, usikimbilie dawa ya malaria. Toeni jiko, tokeni nje, kisha njooni hospitali.

Mama yule aliniuliza, "Basi nikinunua mtungi wa gesi nitakuwa salama?" Nilimjibu kwamba atapata nafuu kubwa ya moshi, ila gesi nayo ina masharti yake.

Gesi ya mitungi imetiwa harufu kali makusudi ili pua ikustue. Lakini pua ya mtu aliyelala haifanyi kazi, na ya mwenye mafua vilevile. Ndiyo maana nashauri mwenye uwezo anunue kengele ya gesi, kile kifaa kinachofungwa ukutani na kulia gesi inapovuja.

Angalia unapoifunga. Gesi asilia, ile ya Songosongo na Mnazi Bay inayofika kwa bomba katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara, ni nyepesi, hupanda juu. Kengele yake hukaa karibu na dari. Sisi wa Mpanda tunatumia ya mtungi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Kengele yetu ikae chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, karibu na jiko. Ukiifunga juu, gesi itajaa miguuni nayo iko kimya.

Jambo jingine: kengele ya gesi ya kupikia haiitambui kaboni monoksaidi. Hiyo ina kifaa chake, na mahali pake ni chumba cha kulala. Unaponunua, muulize muuzaji ni cha gesi gani, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, maana vifua vya watoto wetu vimechoka na moshi. Lakini naona tunagawa mitungi haraka kuliko tunavyofundisha. Anayekupa au kukuuzia mtungi akuoneshe namna ya kuufunga na kupima uvujaji kwa povu la sabuni, na bei ya kengele ipunguzwe kama tunavyotaka ya mtungi ipunguzwe.

Wakati tunasubiri, haya hayana gharama. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, usitumie simu ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto, kisha piga 114 kwa Zimamoto ukiwa nje.

Na jiko la mkaa, hata mvua ikinyesha namna gani, lisilale chumba kimoja na mtoto.