Kikombe si Mizani

Miongoni mwa mambo ambayo wanachuo wetu huyakariri bila kuyachunguza ni usemi kwamba lita moja ni sawa na kilo moja. Kwa maji, usemi huu ni kweli. Kwa unga, sukari au mafuta si kweli, na mwalimu asiyeieleza tofauti hiyo huwapotosha watoto.

Tulilishuhudia jambo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alikuwa amelifundisha darasa la tano jedwali la vipimo. Siku ya pili, katika somo la mapishi, aliandika ubaoni: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 250. Mizani haikuwapo. Msichana mmoja akalikumbuka jedwali, akapima unga nusu lita, yaani vikombe viwili, akatia maji kikombe kimoja. Donge likawa rojorojo. Mwanachuo akamkemea mbele ya wenzake kwamba hakusikiliza. Kumbe alikuwa amesikiliza sana. Aliyekosa ni mwalimu, na kabla ya mwalimu tulikosa sisi wakufunzi, tuliompa jedwali lile bila maelezo.

Kikombe hupima ujazo; mizani hupima uzito. Unga haushikamani kama maji, kwani katikati ya chembe zake mna hewa. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji, maji hayo yana uzito wa gramu 250. Kikijaa mafuta ya kupikia, ni kiasi cha gramu 230. Sukari, kiasi cha 200. Unga wa ngano uliochekechwa, kiasi cha 125 tu. Chumvi laini huyapita maji, hukaribia gramu 300. Tena unga ule ule ukishindiliwa, kikombe huchukua zaidi, pengine gramu 150 au kupita. Basi hata jedwali zuri la vikombe na gramu ni makadirio, nalo halina budi kueleza namna kikombe kilivyojazwa.

Hatusemi kwamba vipimo vya ujazo vitupwe. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na mapishi yao hayakuharibika, kwa sababu kila kitu kilipimwa kwa chombo kile kile. Matatizo huanza pale tunapovuka kutoka kwenye chombo kwenda kwenye gramu bila kujua ni kitu gani kinachopimwa.

Ukosefu wa mizani usiwe kisingizio. Chukua ufito ulionyooka, uutundike kwa uzi katikati, ufunge makopo mawili makubwa yanayolingana kwenye ncha zake. Katika kopo moja tia kikombe kimoja cha maji: hilo ndilo jiwe lako la gramu 250. Katika kopo la pili watoto watie unga, kikombe kwa kikombe, mpaka ufito ulale sawa. Wataona kwa macho yao kwamba kikombe kimoja cha maji kinahitaji karibu vikombe viwili vya unga. Warudie kwa sukari na kwa chumvi, kisha waandike jedwali lao wenyewe.

Nasi wakufunzi tuanze kulifanya jaribio hili chuoni, kabla ya kumpeleka mwanachuo mwingine darasani. Naye mwanachuo, kabla ya kumkemea mtoto, amwulize kwanza amefuata kanuni gani, na nani aliyemfundisha.